Shanta la Amerikani

Inyonga,
11 Januari 1976

Shangazi Josefina,

Tumsifu Yesu Kristu, na shikamoo. Huku mvua haikatiki, mahindi ya watu yamefika kiunoni, na mimi ni mzima. Natumaini cherehani yako bado inakubali kufanya kazi na miguu yako haikuvimba tena.

Nataka kukuuliza jambo la vitambaa, kwa kuwa katika ukoo wetu hakuna mwingine anayevijua. Sisi wasaidizi wa nyuki tunapokwenda porini na warina asali kukagua mizinga, tunabeba mizigo yetu mgongoni. Ofisi imenipa shanta la turubai lenye fremu ya chuma. Likiwa tupu tu, kulinyanyua mezani ni kazi, na nikilivaa fremu inaishia chini ya makalio kwa sababu lilitengenezwa kwa ajili ya mtu mrefu. Mke wa askari mmoja hapa anauza shanta la kijani, dogo kidogo, lakini nalo ni turubai. Dukani kuna mkoba wa plastiki wa bega moja, mwepesi sana. Nichukue lipi?

Usidhani kuna shida. Safari zinakwenda vizuri, na mkuu wetu Bwana Nathanael hana neno na mimi. Nimeona tu kwamba nikipata kitu chepesi nitatembea kwa raha zaidi. Msalimie baba ukimwona, na umwambie kazi ya serikali inanipenda.

Ni mimi binti yako,
Verdiana


Majengo, Mpanda,
29 Januari 1976

Verdiana,

Marahaba, na milele amina. Barua yako nimeipata kwa mkono wa Venant, yule dereva wa lori la nta, na kabla hajanipa alikaa kwenye benchi langu akanywa uji wangu wote na kunipa habari zako ambazo wewe umesahau kuziandika. Anasema mwezi wa kumi na moja alikuona ukitoka porini mikono mitupu, na mzigo wako umefungwa kwenye baiskeli ya mtu mwingine. Sasa mwanangu, mimi ndiye niliyembembeleza baba yako akuache uende kusomea nyuki wakati yeye alitaka ubaki Usevya ulime mpunga na uolewe. Ukitaka kumdanganya yeye, mdanganye. Mimi niambie.

Kuhusu mashanta, hayo matatu yote yaache. La ofisi ni la kubebea risasi. La mke wa askari ni mtoto wa hilo hilo. Mkoba wa bega moja ndio mbaya kuliko yote, maana utakuvuta upande mmoja na ukifika kambini utakuwa unatembea kama kaa. Nilipokuwa msichana nilibeba chumvi ya mama kutoka Usevya kwa mfuko wa namna hiyo, na bega hili la kushoto mpaka leo liko chini kuliko la kulia. Muulize fundi yeyote aliyenipima gauni.

Nitakushonea mwenyewe. Lakini siwezi kushona mfuko bila kujua unaingia nini, kwa hiyo niandikie vitu vyote ulivyobeba safari ile, hata vile unavyoona aibu. Halafu chukua uzi, mwenzako akupimie kutoka kwenye ule mfupa wa shingo unaojitokeza ukiinama, mpaka juu ya nyonga. Ukate hapo, uniletee huo uzi. Usinitumie namba, mimi na namba za watu hatuelewani.

Shangazi yako,
Josefina


Inyonga,
15 Februari 1976

Shangazi,

Shikamoo. Uzi uko ndani ya bahasha. Venant nitamwambia maneno siku nikimkuta.

Haya, ukweli ni huu. Kambi ya Mzee Methusela iko mbali, watu wanalala njiani. Yeye ndiye mkubwa wa warina asali wa upande ule, Mkonongo mkali asiyependa maneno, na kambini kwake kuna sheria moja ambayo hakuna anayekufundisha mpaka uivunje. Kila mtu anabeba mzigo wake. Ukibebewa na mwingine, umekuwa mgeni. Mgeni anapewa kivuli, anapewa asali ya kulamba, anaheshimiwa kabisa, lakini hapelekwi kwenye mizinga, maana mizinga ya mtu ni siri yake na mgeni ana mdomo.

Mimi nilishindwa kwenye kijito cha pili. Mabega yalikuwa yamechubuka, fremu inanipiga mgongoni kila hatua, ndorobo wananiuma na sina mkono wa kuwafukuza. Nilikaa chini. Mzee Methusela alichukua mzigo akaufunga kwenye baiskeli yake, na mimi nikadhani ni wema. Nikamshukuru sana, shangazi. Safari yote nilikaa kambini na sufuria, wanaume wanakwenda na kurudi, na sikuonyeshwa mzinga hata mmoja. Mimi niliyetumwa kukagua mizinga.

Bwana Nathanael hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba baada ya Pasaka kuna safari nyingine kwenye kambi hiyo hiyo, na nikirudi tena nimebebewa atanihamishia stoo nikapime nta, na nafasi ya porini atapewa mtu mwingine. Alisema stoo pia ni kazi. Ni kweli, lakini mimi sikusomea kupima. Nikifungiwa stoo baba atasema alisema, na mimi nitajua kwamba alisema kweli, na hilo ndilo linalonikosesha raha.

Nilibeba unga, maharage, chumvi, sufuria yenye mfuniko, chupa ya mafuta ya taa na kandili, chandarua, blanketi la mama, viatu vya pili, gauni la Jumapili kwa kuwa nilidhani tutasali, kitabu cha nyuki kile kinene, sabuni mche mzima, poda, kioo, na panga. Blanketi la mama unalijua, lile la misheni. Likinyeshewa halibebeki.

Binti yako,
Verdiana


Majengo,
7 Machi 1976

Verdiana,

Nimesoma vitu vyako nikacheka mpaka mteja akadhani namcheka yeye. Poda ya nini, mwanangu? Nyuki wakuone umependeza?

Sasa sikiliza, kwa sababu shanta ni jambo la mwisho. Kandili na mafuta acha, wenzako watakuwa na moto. Viatu vya pili acha. Kitabu, kama ulikisoma kiko kichwani, na kama hukukisoma hakitakusaidia huko. Sabuni kata kipande. Sufuria chukua ndogo ile ya chai, upike humo, unywe humo. Gauni la Jumapili tundika ukutani likusubiri. Maharage yanataka kuni na muda, chukua dagaa. Blanketi la mama yako likate katikati, najua inauma, mimi pia ningeona uchungu kulitia mkasi, lakini yeye alikupa upate joto, hakukupa uzikwe nalo. Nusu moja niletee kwa Venant.

Shanta nimelikata dogo makusudi. Mfuko mkubwa ukiona nafasi unaanza kuomba, na mwenye mfuko hajui kukataa. Nilifikiria gunia, lakini linawasha na linakunywa maji. Nilifikiria kitambaa cha miavuli mibovu, nacho kinachanika kwenye kona. Nimetumia amerikani, ile pamba nzito ya rangi ya maziwa, mikunjo miwili, mshono juu ya mshono. Hakuna chuma wala ubao. Mgongoni kwako litalala laini, na ule upande utakaokugusa nitaujaza hiyo nusu ya blanketi, kwa hiyo mama yako utakuwa naye. Mikanda ya mabega nimeifanya mipana kama kiganja, maana mkanda mwembamba unakata. Halafu kuna mkanda wa kiunoni. Huo usiuache ukining'inia kama mapambo. Ufunge vizuri juu ya nyonga, uzito ukae pale, mabega yafanye kazi ya kushikilia tu. Wanawake tumebeba watoto kwa namna hiyo tangu zamani, sijui kwa nini wenye fremu hawakutuuliza.

Utaniambia amerikani inapitisha mvua. Hii haipitishi. Kuna kitu changu nimekipaka, nikakipitishia pasi ya moto mpaka kitambaa kikakinywa. Nimemwaga maji juu yake, yakateleza yote. Usiniulize ni kitu gani, mafundi wa hapa Majengo wamekwisha niuliza na sikuwaambia.

Baba yako alipita wiki iliyopita kuuza mchele. Nimemwambia hujambo.

Shangazi,
Josefina


Inyonga,
14 Aprili 1976

Shangazi mpenzi,

Limefika. Nimelivaa, nimelivua, nimelivaa tena mbele ya kioo cha poda. Uzi ule umefanya kazi yake, linaanzia pale linapotakiwa na kuishia pale linapotakiwa.

Linanuka nta. Nadhani Venant alililaza juu ya magunia yake, maana lori lake lote linanuka hivyo, na kusema kweli huku Inyonga sisi sote tunanuka hivyo, ofisi, nguo, hata mikate. Nimelianika siku mbili, halikubadilika, nikaacha.

Nimelifanyia mazoezi. Kila jioni naweka unga na sufuria na nusu blanketi, natembea mpaka kule kwenye mashamba na kurudi. Watu wanauliza ninahama au vipi. Siku ya kwanza sikufunga mkanda wa kiuno nikaona hamna tofauti kubwa. Siku ya pili niliufunga, na shangazi, mzigo ulishuka kutoka mabegani kama mtu aliyekubali yaishe. Nimegundua pia kwamba vitu vizito vikae juu karibu na mgongo na vyepesi chini, nikifanya kinyume chake linanivuta nyuma. Hilo hukuniambia, kwa hiyo na mimi nimekufundisha kitu.

Kitabu nimekiacha. Poda nimeiacha. Panga nimebaki nalo.

Tunaondoka Jumanne baada ya Pasaka. Ninaogopa, nakwambia wewe tu. Siogopi njia. Naogopa kukaa tena kambini na asali ya kulamba. Uniombee.

Verdiana


Majengo,
21 Aprili 1976

Verdiana mwanangu,

Naandika haraka, Venant ameacha injini inanguruma na anasema hawezi kungoja. Kama hujaondoka, usiende na hilo shanta. Kama barua hii imekukuta, chemsha maji ya moto kabisa, ulitumbukize, ulisugue kwa majivu, ulichemshe tena.

Nimelipaka nta ya nyuki. Kile kitu changu cha siri kilikuwa nta. Jana nilimwambia Venant kwa majivuno, nikamwonyesha na kofia ya mteja niliyoipaka vile vile, na yeye akaacha kutafuna. Akaniambia warina asali wakitundika mzinga mpya wanaupaka nta ndani ili nyuki wausikie wakaingie. Mimi ningejuaje? Nimekaa mjini miaka mingi, asali naiona kwenye chupa. Mtu anakwenda kwenye pori la nyuki, na mimi nimempaka harufu ya kuwaita.

Nimemwuliza Venant kama wanaweza kukuua, akasema inategemea. Hilo ni jibu gani? Sijalala vizuri. Nimeona aibu, na zaidi ya aibu naogopa. Ukipata barua hii nijibu hata kwa neno moja.

Josefina


Inyonga,
5 Mei 1976

Shangazi,

Niko hai. Nimeanza na hilo ili usome mengine ukiwa umekaa. Barua yako nimeikuta mezani wiki iliyopita nilipotoka porini.

Nilibeba mzigo wangu kutoka hapa mpaka kambini. Kijito cha kwanza, cha pili, na ule mlima wa mawe. Nilichoka kama walivyochoka wengine, si zaidi. Mvua ilitupiga, na ndani ya shanta unga ulibaki mkavu, kwa hiyo kitu chako kinafanya kazi, usikidharau. Tulipopumzika nyuki wachache walikuwa wanakuja kuzunguka mgongo wangu na kuondoka. Gaspar, kijana wa kambini, alisema labda nina sukari. Mzee Methusela aliwaangalia muda mrefu.

Kambini walinipeleka kwenye mizinga. Sitakuandikia yote. Ni ya magome, imetundikwa juu sana, na kila mmoja una alama ya mwenyewe iliyochongwa. Nilipanda mti mmoja kwa kamba, nikaona vizuri masega mapya. Nilifurahi hata nikasahau kushuka.

Shanta nilikuwa nimelitoa vitu vyote nikalitundika juu ya mti wa peke yake, mbali na moto, likauke. Chini mchwa wangelila, na karibu nyani wangelichukua. Tulikwenda mizinga ya mbali, tukalala huko. Tuliporudi, mti ule ulikuwa unanguruma. Kundi zima la nyuki lilikuwa limeingia ndani ya shanta langu, wengine wakining'inia mdomoni kama ndevu.

Nilitaka kulitoa. Ni kazi yangu, najua kutumia moshi, ningeweza. Mzee Methusela akanizuia kwa mkono. Akasema, "Walichokikubali nyuki juu ya mti hakirudishwi. Sasa huo ni mzinga." Kwao ndivyo ilivyo, na hakuna anayebisha, hata kama ulichotundika ni suruali.

Ikabaki safari ya kurudi, na mimi sina shanta. Gaspar alianza kufunga vitu vyangu kwenye baiskeli yake, kwa roho nzuri tu, na mimi nikamnyang'anya. Nilimwambia akigusa mzigo wangu nitamchapa. Nusu blanketi nililitandaza, nikaweka sufuria, panga na nguo, nikaviringisha, nikafunga kwa kamba ya magome mgongoni, nyingine nikaipitisha kiunoni vile ulivyonifundisha. Chakula kilikuwa kimekwisha, kwa hiyo ulikuwa mzigo mdogo. Niliubeba mpaka mlangoni kwa ofisi.

Bwana Nathanael alikuwa amesimama barazani. Aliona kifurushi, hakuona shanta. Aliuliza shanta liko wapi, nikasema limebaki porini. Alitikisa kichwa kama mtu aliyejua mzigo umenishinda, akasema afadhali umerudi salama, Jumatatu uanze stoo. Nilianza kueleza, nikaacha. Mtu mwenye akili unamwambiaje kwamba nyuki wamechukua shanta lako? Nililia nyumbani, sikufichi. Jumatatu nilikwenda stoo, nikapima nta asubuhi nzima, na ile harufu yake nilitamani kuitapika.

Jioni alikuja Mzee Methusela. Haji mjini, shangazi, chumvi yenyewe huwa anatuma watu. Hakuja kunitetea, alikuja amekasirika. Alimwambia Bwana Nathanael kwamba kambini kwake kuna mzinga hauna alama, na mzinga usio na alama unaleta ugomvi, na mwenyewe amekaa huku anapima nta ya watu. Bwana Nathanael akauliza mwenyewe ni nani. Mzee akaninyooshea kidole na kusema, "Huyu. Amekuja na mzigo wake, ametundika, wamemkubali. Mwezi wa sita aje arine, sisi hatumlindii mtu."

Bwana Nathanael aliniangalia, akamwangalia mzee, akaomba aelezwe tangu mwanzo. Mwisho akasema stoo atatafuta mtu mwingine. Hakuomba radhi, lakini alinimiminia chai.

Kisha mzee akaniuliza alama yangu ni ipi, aende akaichonge kwenye mti. Wanaume wale wamerithi alama za baba zao. Baba yangu ana jembe na mpunga, hana alama. Nilichukua mkaa nikamchorea kwenye sakafu ya baraza mkasi uliofunguka. Akauangalia, akasema hakuna mwenye alama hiyo, akapanda baiskeli yake akaondoka.

Usiwe na aibu, shangazi. Mimi nafurahi.

Verdiana


Majengo,
23 Mei 1976

Verdiana,

Barua yako nimeisomea kwenye cherehani, nikaacha suruali ya mtu katikati, nikaenda kukaa uani. Nimelia kidogo, kwa woga niliokuwa nao na kwa ule mkasi.

Baba yako amekuja jana na mchele. Alikuwa amekwisha sikia kwa watu kwamba umepelekwa stoo, nadhani Venant tena, habari nusu ndiyo biashara yake. Alikaa kwenye benchi akaanza kuniambia jinsi alivyosema tangu mwanzo. Nikamwacha amalize. Halafu nikamwambia binti yako hayuko stoo, ana mzinga wake porini, una alama yake, na mwezi wa sita anakwenda kurina.

Akaniuliza mzinga huo kampa nani, maana mwanamke hapewi mzinga.

Nikamwambia, nyuki.

Shangazi yako,
Josefina